Kukimbia au Kutoa Pasi: Kumfundisha Mtoto Kuchagua Mchezoni

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, hakuna linaloonekana dogo huku likiwa zito kama hili: mtoto ana mpira mkononi, mpinzani yuko mbele yake, mwenzake yuko ubavuni. Je, aende nao au autoe? Stadi ya kudaka hufundishwa, na stadi ya kurusha hufundishwa. Uchaguzi wenyewe, ambao ndio unaozipa stadi hizo mbili kazi, aghalabu hauna nafasi katika andalio la somo. Huachiwa kipaji, na kipaji kisipojitokeza huletewa kelele kutoka pembeni mwa uwanja.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba uchaguzi huo unafundishika, tena kwa hatua zinazoweza kuandikwa ubaoni kabla ya watoto kutoka darasani. Tutaueleza kwa kutumia mpira wa mikono, ambao ni mmojawapo wa michezo inayochezwa katika mashindano ya UMITASHUMTA, na ambao kanuni zake zinatufaa sana. Mchezaji aliyeushika mpira anaruhusiwa kwenda hatua 3 na kukaa nao kwa sekunde 3. Akitaka kuendelea hana budi kuudunda. Kwa hiyo njia zote mbili ziko wazi mbele yake, nao muda ni mfupi. Netiboli haitufai kwa kuanzia, kwa kuwa aliyedaka mpira hawezi kukimbia nao. Swali lake ni nani apewe, wala si kama apewe. Nayo soka ina taabu nyingine: mtoto ambaye hajaimudu miguu yake huinamia mpira, na macho yaliyoinama hayawezi kusoma chochote.

Wanachuo wetu wanapokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule za Nangara, mjini Babati, tumewahi kusimama kando ya uwanja tukawatazama watoto badala ya kuutazama mpira. Mwanachuo mmoja aliyekuwa na bidii nyingi alikuwa akipaza sauti bila kupumzika: "Toa! Toa! Kimbia! Sasa toa!" Watoto walimtii. Lakini tuliona jambo ambalo yeye, kwa kushughulika kwake, hakuliona. Kila mtoto aliyepata mpira aligeuza uso kumtazama mwalimu kwanza, ndipo akatoa pasi. Kufikia wakati huo mlinzi alikwisha kusogea, na amri ambayo ilikuwa sahihi ilipotamkwa haikuwa sahihi tena ilipotimizwa. Mwalimu akakasirika, watoto wakazidi kumtazama.

Wengine hudhani kwamba dawa ni kuwaambia watoto "Angalieni!" Neno hili halina msaada wowote mpaka liseme kiangaliwe nini. Uwanjani kuna wachezaji wengi, wote wanatembea, na mtoto wa Darasa la Tano akiambiwa awaangalie wote hatamwona hata mmoja. Hapa ndipo tunapopata faida kwa kujifunza kutoka katika mchezo ambao hauchezwi katika shule zetu, yaani futiboli ya Kimarekani. Makocha wa mchezo huo wamelishughulikia swali hili la kukimbia au kutoa pasi kwa uangalifu mkubwa, na jibu lao linaweza kuletwa katika uwanja wa vumbi bila gharama.

Mlinzi mmoja wa kusomwa

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huo, yatosha kueleza machache. Timu mbili za watu 11 hushindana katika uwanja wenye urefu wa yadi 100, yaani kama meta 91, kutoka mstari mmoja wa goli hadi mwingine. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nyingine nne. Kila nafasi huanza kwa mpira kurudishwa nyuma kwa mchezaji anayeitwa kwotabeki. Yeye aweza kumkabidhi mpira mkimbiaji aliye karibu naye, au aweza kuurusha mbele kwa mwenzake aliyekwisha kukimbilia mahali pa wazi. Mbele yake wamesimama wenzake watano wenye miili mikubwa, ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie.

Kwa desturi ya zamani, kocha ndiye aliyeamua kabla ya mpira kuanza: safari hii tunakimbia, safari hii tunarusha. Udhaifu wa desturi hiyo ni dhahiri. Wapinzani wakibahatisha mpango, mpango umekufa kabla haujazaliwa. Ndipo ukazuka mpango wa kukimbia-au-kupasi, ambamo uamuzi hauletwi uwanjani kutoka nje, bali hungojewa mpaka mchezo umeanza. Nao haungojei wapinzani wote 11. Humngojea mmoja tu.

Huyo mmoja kwa kawaida ni mlinzi wa mstari wa pili, yule asimamaye nyuma ya safu ya mbele, mwenye kazi mbili: kumzuia mkimbiaji na kuziba nafasi iliyo nyuma yake. Washambuliaji humwacha makusudi bila kumgusa. Kwotabeki huuweka mpira tumboni mwa mkimbiaji anayepita mbele yake, bila kuuachia bado, huku macho yake yakiwa kwa mlinzi yule. Mlinzi akikimbia mbele ili amkamate mkimbiaji, nyuma yake pamebaki patupu: mpira huchomolewa na kurushwa hapo. Mlinzi akibaki mahali pake au akirudi nyuma, mpira huachwa tumboni na mkimbiaji huendelea nao. Mlinzi hana jibu lililo sahihi, kwa kuwa kila aendako anaacha pengo. Kwa kweli yeye ndiye anayechagua; kwotabeki husoma tu na kutekeleza.

Wale watano wa mbele hawajui litakalotokea. Wao husukuma kana kwamba ni mbio, na kwa hiyo mpinzani huona picha ileile kila mara. Lakini kanuni haiwaruhusu kuvuka mbali pasi inaporushwa mbele: katika ligi ya kulipwa ya Marekani mpaka ni yadi 1, na katika mchezo wa vyuo vikuu ni yadi 3. Kwotabeki akisitasita, wenzake watakuwa wamevuka mpaka na timu itaadhibiwa. Usomaji hauna budi kuwa wa mara moja.

Wazo la kumwacha mpinzani mmoja na kumsoma si geni. Katika miaka ya 1960 vyuo vikuu viwili vya Texas, kile cha Houston chini ya kocha Bill Yeoman na kile cha Texas chenyewe kuanzia mwaka 1968, vilijenga mashambulizi yao juu yake, ingawa wakati huo uchaguzi ulikuwa baina ya wakimbiaji tu. Kuchanganya mbio na pasi katika mpango mmoja kulienea hasa katika miaka ya 2010, na timu ya Philadelphia Eagles ilipotwaa ubingwa mwezi Februari 2018 kwa kuifunga New England Patriots 41 kwa 33, mipango ya namna hii ilikuwa mojawapo ya silaha zake. Mtu wa Afrika Mashariki naye amewahi kusimama upande wa pili wa mchezo huu: Daniel Adongo wa Kenya, aliyekulia katika raga, alijiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013 na kuwekwa miongoni mwa walinzi wa mstari wa pili, yaani katika nafasi ileile ambayo kwotabeki huisoma.

Raga yenyewe ina somo linalofanana na hilo. Katika raga ya wachezaji saba, ambayo Wakenya wameimudu hata wakatwaa ubingwa wa mashindano ya Singapore mwaka 2016 kwa kuifunga Fiji 30 kwa 7, wachezaji 14 tu hutawanyika katika uwanja uliopimwa kwa ajili ya 30. Hali ya wawili kumkabili mmoja hutokea mara kwa mara, na mwenye mpira hufundishwa kumwendea mlinzi, wala si kumkimbia, ili amlazimishe kuamua.

Kuyaleta haya kwa watoto

Tukiuvua mpango wa Wamarekani mavazi yake yote, twabaki na watu watatu: mwenye mpira, mwenzake, na mlinzi wa kusomwa. Hao watatu wanapatikana katika kila shule. Chora vichochoro vya majivu, kila kimoja upana hatua 6 na urefu hatua 12. Darasa la watoto 60 latosheka na vichochoro vitano. Kukamatana kwa nguvu hakufai kwa watoto. Kila mtoto achomeke kitambaa kiunoni, naye mlinzi akikichomoa, mwenye mpira amekamatwa. Hata Marekani watoto hucheza hivyo, na mchezo huo wa vitambaa umeingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028.

Kipindi cha kwanza kiwe bila mpira. Wanachuo wengi hulipinga jambo hili, kwa kuwa watoto wakiuona mpira umewekwa kando hununa. Wavumilie. Mwalimu asimame nyuma ya washambuliaji wawili, akitazamana na mlinzi. Akionyesha kidole kimoja, mlinzi amwendee mwenye mpira; akionyesha viwili, mlinzi amfuate yule mwenzake. Washambuliaji hawakioni kidole. Wanakuja kwa mwendo wa kutembea, na yule ambaye angekuwa na mpira anatakiwa kusema neno moja tu kwa sauti, "Pasi" au "Mbio", mara anapoona mlinzi ameelekea wapi. Watoto wanaongojea zamu wasikae bure. Hao ni mashahidi: wakikubali neno lililosemwa wanyooshe mkono, wasipokubali waukunje. Kwa njia hii mtoto anayengojea anasoma mara nyingi kuliko anayecheza.

Je, asome nini katika mwili wa mlinzi? Si uso, wala si mikono. Uso hudanganya, na mikono ya mlinzi hodari hupepea kila upande. Kiuno na nyayo havidanganyi kwa urahisi, kwa kuwa mtu hawezi kwenda mahali ambapo kiuno chake hakijaelekea. Jambo hili watoto wengi wa Babati wanalijua tayari, ingawa hawajaliita elimu. Mtoto aliyezoea kuchunga, anapomzuia ndama mlangoni mwa zizi, hamwangalii machoni. Hutazama bega, na bega likiinama kushoto yeye amekwisha kuruka kushoto. Mwalimu anayefundisha Nangara angefanya vibaya kuliacha hazina hilo nje ya uwanja. Waulize watoto: ndama akitaka kukuponyoka, unajuaje? Majibu yao yaandikwe ubaoni kabla ya neno lolote kutoka katika kitabu cha michezo.

Katika kipindi cha pili mpira unaletwa, na mwendo unakuwa wa mchakamchaka. Kama shule haina mpira wa mikono, ule wa matambara uliofungwa kwa kamba unafaa. Tena una sifa ya kutodunda na kupotea majanini. Mlinzi bado ni mkweli, yaani anafuata kidole bila hila. Hapa ndipo yanapojitokeza makosa mawili ambayo mwalimu hana budi kuyatofautisha. La kwanza ni mahali pa kukimbilia. Mtoto mwenye mpira hupenda kumsogelea mwenzake, kwa kuwa karibu na rafiki kuna usalama. Matokeo yake ni kwamba mlinzi mmoja anawatosha wote wawili. Afundishwe kukimbilia bega la mlinzi lililo mbali na mwenzake; hapo mlinzi hawezi kuwa na wote.

Kosa la pili ni wakati, na hili ni gumu zaidi. Pasi ikitolewa mlinzi angali mbali, yeye hugeuka tu akamfuata mpokeaji, na washambuliaji hawajapata chochote. Ikicheleweshwa, kitambaa kimekwisha kuchomolewa. Mahali pake ni pale mlinzi anapokuwa umbali wa hatua mbili hivi na uzito wake umekwisha kuegemea mbele. Watoto hawawezi kulipata hilo kwa maelezo. Chora mstari wa majivu hatua mbili mbele ya mahali asimamapo mlinzi, na kwa siku za mwanzo pasi yoyote itolewayo kabla ya mstari isihesabiwe. Mstari huo ufutwe baada ya vipindi viwili, la sivyo watoto wataanza kuusoma mstari badala ya mlinzi.

Yule mwenzake naye ana wajibu, ingawa waalimu humsahau. Asijifiche katika kivuli cha mlinzi, mahali ambapo pasi haiwezi kupita bila kukutana na mikono. Asogee mpaka auone mpira wote na tumbo la mwenye mpira. Wala asipige kelele za "Hapa! Hapa!", kwa kuwa kelele zake ni amri nyingine, sawa na ile ya mwalimu wa pembeni.

Kwa Darasa la Sita na la Saba yafaa kuongeza zoezi lenyewe la Kimarekani. Kanuni ya hatua 3 iwekwe kando kwa muda. Mtoto wa kwanza anaushika mpira kwa mikono miwili. Wa pili anapita mbele yake kwa mwendo wa polepole na mpira unawekwa tumboni mwake. Wa tatu amesimama mbele, ubavuni. Mlinzi akimfuata mpitaji, mpira unachomolewa na kutupwa kwa wa tatu. Asipomfuata, mpira unaachwa. Tatizo litatokea mara moja: watoto wawili watang'ang'ania mpira mmoja nao utaanguka. Mpitaji afundishwe kuifumba mikono yake kwa wepesi, kama mtu aliyepokea yai, mpaka ahisi kwamba mwenzake ameachia. Anayeamua ni yule anayeona mlinzi, si yule anayetaka mpira.

Mlinzi mwongo asiletwe mapema. Mtoto ambaye hajaisoma herufi iliyoandikwa vizuri haletewi mwandiko mbaya. Watoto wanapochagua sawasawa mara nyingi kuliko wanavyokosea, ndipo mlinzi aruhusiwe kuchelewa, kujifanya anakuja kisha akarudi, au kusimama kimya. Akisimama kimya, jibu ni mbio, na watoto wengi hushangaa kuona kwamba asiyefanya lolote naye amesomeka.

Ulimi wa mwalimu na kalamu yake

Katika ligi ya kulipwa ya Marekani, tangu mwaka 1994, kocha anaruhusiwa kuzungumza na kwotabeki kwa redio iliyomo ndani ya kofia yake. Lakini saa ya kuanzisha mchezo inapobakiza sekunde 15, sauti hukatwa. Kuanzia hapo hakuna mwenye mshahara mkubwa wala mdogo awezaye kumsaidia mchezaji yule. Ikiwa watu wazima, wenye vyombo vyote hivyo, huachwa peke yao pindi mpira unapoanza, sisi tuna hoja gani ya kumpigia kelele mtoto wa miaka 11 mpaka anapofika golini? Mwanachuo aweke sharti hili katika andalio lake la somo: kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya pili, mwalimu hasemi.

Baada ya filimbi ya pili atasema, na hapo neno analolitumia lina uzito. Katika shule zetu swali la "Kwa nini umefanya hivyo?" limetangulia adhabu mara nyingi mno hata limepoteza maana yake ya kuuliza. Mtoto analijibu kwa kunyamaza au kwa kuomba radhi. "Umeona nini?" ni swali la namna nyingine. Mtoto atasema: "Niliona mguu wake umekuja." Au atasema hakuona kitu, na hiyo nayo ni habari muhimu kwa mwalimu, kwa maana sasa anajua kwamba tatizo ni la macho na si la mkono.

Kwa sababu hiyohiyo kumbukumbu za mwalimu zitenganishe uchaguzi na matokeo. Chora safu mbili katika daftari. Mtoto aliyesoma vema akatoa pasi, na pasi ikaanguka, apate alama katika safu ya kwanza na asipate katika ya pili. Atahitaji mazoezi ya kurusha. Mtoto aliyekimbia wakati mlinzi amemwendea, akaponea kwa kuwa mlinzi aliteleza, na akafunga goli, apate alama ya pili bila ya kwanza. Huyu wa mwisho atashangiliwa na darasa zima. Mwalimu atahitaji ujasiri kidogo kumwuliza, katikati ya shangwe, alichokiona.

Kuna jambo moja ambalo hatupendi kulizungukazunguka. Tumewaona watoto wakichapwa au kukimbizwa kuzunguka uwanja kwa kosa la kupoteza mpira. Mtoto aliyepata adhabu hiyo mara moja hupata njia ya kuikwepa: huutoa mpira mara anapoupokea, kwa yeyote aliye karibu, ili kosa lijalo liwe la mwingine. Kwa macho ya mtu wa mbali anaonekana mchezaji mwenye ushirikiano mwema. Kwa hakika ameacha kucheza. Tukimtazama vizuri tutaona kwamba pasi yake hutoka daima kabla ya mstari wa majivu, na kwamba kiuno cha mlinzi hakijawahi kuwa na kazi machoni pake. Mtoto wa namna hii arudishwe katika kipindi cha kwanza, kile kisichokuwa na mpira, ambamo hakuna cha kupoteza, na akae huko muda mrefu kuliko wenzake. Mara nyingi ni wasichana, hasa pale ambapo wavulana wamezoea kushika mpira muda mwingi. Basi vichochoro vigawanywe ili kila mtoto awe mwenye mpira kwa idadi sawa ya zamu, na zamu hizo zihesabiwe na mashahidi, si na wachezaji.

Darasa likifika katika mchezo kamili wa watu saba kwa saba, mwalimu aanze kwa kumtaja mlinzi mmoja wa kusomwa katika kila upande, tuseme yule aliye pembeni kushoto, na amvike kitambaa cha rangi tofauti. Mchezo wa dakika kumi uchezwe hivyo. Katika dakika kumi zinazofuata kitambaa kihamishiwe kwa mlinzi mwingine bila washambuliaji kuambiwa ni nani, ila wamtambue kwa rangi. Katika dakika kumi za mwisho vitambaa vya rangi vivuliwe vyote, na kila mwenye mpira amtafute mlinzi wake mwenyewe.